Siku Spana Zilipong'aa

Mke wa Fundi Gia alikuwa na mkono ambao gereji nzima iliuheshimu. Sisemi mkono wa kupika, maana kwenye kupika alikuwa wa kawaida tu, na mawifi zake walilisema hilo mpaka wakachoka wenyewe. Nasema mkono wa kutoa spana. Mumewe alikuwa akijilaza chini ya gari, miguu tu ikichungulia nje, na kutoka huko chini anasema, "Kumi na saba," kisha ananyoosha kiganja bila hata kugeuza shingo. Kabla hajafunga mdomo, spana ilikuwa kiganjani. Si kumi na sita, si kumi na nane. Kumi na saba.

Alianza kwa kupeleka chakula cha mchana, ndoa bado changa. Siku hiyo msaidizi hakutokea, Fundi kakwama chini ya lori, mikono miwili haimtoshi, anapiga kelele anataka spana. Mke akaweka sufuria chini, akampa. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa, ikawa ndiyo kazi yake. Mafundi wengine wakamtania Fundi: "Wewe umeoa au umeajiri?" Sauti ikawajibu kutoka chini ya lori: "Mimi nimeoa. Nyinyi ndio mmeajiri, tena mmeajiri vipofu." Wakamwita Bi Spana, na jina likaganda. Mumewe peke yake ndiye aliyemwita Kipusa, na aliendelea kumwita hivyo hata mvi zilipoota na kiuno kikapotea njia.

Sasa hapa pana jambo lazima nilieleze vizuri, maana usipolielewa hili, lililofuata hutalielewa. Vifaa vya Fundi Gia havikuwahi kuoshwa. Kamwe! Fundi alikuwa na imani yake kwamba spana ikioshwa hupata mafua. Aliifuta tu kwa tambara lililokuwa chafu kuliko spana yenyewe, akairudisha sandukuni. Miaka nenda miaka rudi, grisi, oili chafu, vumbi na jasho vikajijenga juu ya vile vyuma, vikakauka, vikajijenga tena. Namba zilizogongwa kiwandani zilikuwa zimefukiwa zamani, na hakuna aliyehangaika kuzisoma. Kila spana ilikuwa na vazi lake. Kumi na saba ilivaa kipande cha mpira wa tyubu ambacho Fundi alikizungushia shingoni. Kumi na tatu ilikuwa na donge la grisi ngumu karibu na mdomo, mfano wa chunjua. Kumi na nne ilikuwa laini upande mmoja, ukurutu upande wa pili. Na ile spana ya kurekebisha mdomo, inayofungua nati yoyote ile, ambayo mafundi wameipa jina lisilotamkika mbele ya wakwe, ilikuwa na nyuzi za gunia zilizonasa kwenye gurudumu lake. Bi Spana alizijua zote kwa vidole, kama unavyoijua swichi ya chumbani kwako gizani. Fundi vilevile. Hawakuwahi kuambiana kwamba ndivyo wanavyozijua. Nani anakaa na mkewe wajadili chunjua za spana?

Basi, uzee ukaja, na kwa Fundi Gia uliingilia kichwani. Kwanza alisahau funguo, watu wakacheka. Akasahau gari la mteja limesimama njiani, watu wakanung'unika. Halafu siku moja akafunga giaboksi ya gari hili kwenye gari lile, yeye, mtu ambaye jina lake lenyewe lilitokana na gia. Hapo hakuna aliyecheka. Rafiki yake wa gerejini, mtu mwembamba kama ufito ambaye kwa ajili hiyo hiyo walimwita Bonge, akalibeba sanduku la vifaa begani, akamshika Fundi mkono, akamleta nyumbani. "Shemeji," akamwambia Bi Spana pale mlangoni, macho yakitazama chini, "mzee apumzike kidogo." Hiyo kidogo ndiyo ikawa moja kwa moja.

Ugonjwa ule ni mwizi asiye na haraka. Ulimchukulia Fundi majirani, ukamchukulia ndugu, ukamchukulia binti yake wa pekee, akawa anamwita sista, akidhani ni muuguzi. Mwisho ukamchukulia mke. Asubuhi akiamka anamkuta mwanamke chumbani, anamwamkia kwa adabu zote: "Hujambo mama. Karibu. Mwenyeji wako ni nani?" Siku za mwanzo Bi Spana alicheka, akamjibu, "Mwenyeji wangu ni wewe, mzee." Baadaye akawa anajibu hivyo hivyo, kisha anaingia jikoni, anafungua bomba la maji ili kilio chake kisisikike.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho mwizi hakukifikia. Kila asubuhi baada ya chai, Fundi aliketi kwenye benchi kibarazani, mbele ya meza yenye jiliwa, lile koleo kubwa la kubania vyuma. Kwenye jiliwa lile walikuwa wamebana pampu ya maji iliyokufa zamani, haifufuki hata kwa dua. Fundi aliifungua na kuifunga, kila siku pampu ile ile, nati zile zile. Sanduku lilikuwa wazi kando yake, na Bi Spana ameketi kwenye kigoda upande wa pili. Katikati ya kazi Fundi ananyoosha kiganja. "Kumi na saba." Mkono wa Bi Spana unaingia sandukuni bila yeye kutazama, unatoka na spana, unaiweka kiganjani. Fundi anaifumbata. Kidole gumba kinapita juu ya ule mpira wa tyubu, mara moja, mara mbili. Kisha anageuka, anamtazama mkewe usoni, na macho yanakuwa ya mtu.

"Ah, Kipusa. Umekuja saa ngapi?"

"Nimekuja sasa hivi."

"Mbona hukuniita? Haya, lete habari."

Na habari zilitolewa. Kwa muda ule, mpaka nati ziishe au chai ipoe, Bi Spana alikuwa na mume. Fundi alimuuliza binti yao anasomaje, wakati binti alishamaliza kusoma na kupata kazi na kuota mvi zake mbili tatu. Alilalamika kwamba Bonge kaazima tupa na hajairudisha. Siku nyingine alimtania kuhusu upishi, na Bi Spana alifurahi kutukanwa mchuzi kama msichana anayesifiwa. Halafu anaweka spana chini, anajinyoosha, akigeuka tena anasema, "Hujambo mama." Imekwisha, mpaka kesho. Bi Spana aliishi kwa ajili ya kale kapande ka asubuhi. Vilivyobaki, kufua, kumlisha, kumbadilisha, kumrudisha ndani akitoroka, hayo alikuwa anayafanya tu.

Kilichoharibu mambo ni mchubuko. Mchubuko mdogo wa kidole, bisibisi iliteleza. Kidole kikavimba, mkono ukavimba, homa ikapanda, na binti akaja mbio kutoka kazini kwake, akampeleka baba hospitali. Daktari akasema jeraha limeingia uchafu, alazwe. Binti akatoka wodini amekunja uso.

"Mama, lile sanduku nalitupa leo."

"Unitupe mimi kwanza."

"Mama, nisikilize. Umeona zile spana zilivyo? Umeona mashuka yake? Anashika grisi, anashika mkate, anajikuna macho. Safari hii ni kidole. Safari nyingine tutamzika kwa sababu ya vyuma vichafu!"

"Hutupi kitu."

"Basi angalau vioshwe!"

Mtoto alikuwa anasema kweli, na alikuwa anasema huku analia, maana hata kama baba amekusahau, wewe hujamsahau. Kuosha si kutupa. Chuma ni chuma, Bi Spana akajiambia. "Nitaviosha," akasema. "Wewe kaa na baba yako, mimi nirudi nyumbani nivioshe vyote, na mambo ya kutupa nisiyasikie tena."

Ningekuwepo ningemshika mkono. Uongo! Ningekuwepo ningemsifu, kama majirani wote walivyomsifu. Nani angewaza?

Aliifanya kazi ile kwa moyo mmoja. Alimwaga mafuta ya taa kwenye karai, akavilaza vifaa humo, akaviacha vilowe mpaka uchafu ulipoanza kulegea. Kisha akakaa uani na kisu kikuukuu, akakwangua. Grisi ilitoka vipande vipande, nyeusi, nzito, inanuka gereji. Penye mikunjo aliingiza mswaki wa zamani, penye kutu akaleta brashi ya waya, penye ukaidi akatia msasa. Mpini wa nyundo aliupiga msasa mpaka mti ukaonekana ulikuwa mwekundu, kumbe! Ule mpira wa tyubu ulikuwa umeoza na kunata kama ulimbo, akaukata na kuutupa. Chunjua ya kumi na tatu ilimsumbua, akaichokonoa kwa msumari mpaka ikang'oka nzima nzima, akashangilia kama mtu aliyetolewa jino bovu. Halafu maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, kausha juani, paka oili nyepesi kidogo isije ikaota kutu.

Mshonaji wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ukuta. "Jirani, unafungua duka la vifaa?"

"Namtengenezea mzee. Anarudi."

"Hee! Zinang'aa utasema zimetoka kiwandani. Mzee atacheka mpaka meno ya mwisho."

"Yamebaki manne tu, jirani, acha yacheke."

Na kweli zilikuwa zinang'aa. Namba zilitokea kila mahali, wazi, kama zimeandikwa jana. Bi Spana aliona namba ya kumi na saba kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Aliigusa kwa kidole, akatabasamu, akawaza kwamba sasa hata kama kichwa kinamsumbua, Fundi wake ataweza kuzisoma. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akazipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Usiku ule alilala vizuri.

Fundi akarudi na bandeji kidoleni, amepungua kidogo, lakini anatembea. Akanywa chai. Akaenda kwenye benchi lake kama kawaida, binti akasimama mlangoni aone baba atafurahi vipi. Fundi akatazama kile kitambaa cheupe. Akainama, akanusa. Akachukua spana moja, akaigeuza, akaiweka. Akachukua nyingine. Akatazama chini ya meza.

"Zangu ziko wapi?"

"Ndizo hizo, mzee," Bi Spana akasema. "Nimeziosha tu."

Fundi hakubishana. Mtu mwenye adabu habishani na mgeni. Akaigeukia pampu, akainamia nati zake, na mazoea yakamshika. Kiganja kikanyooka. "Kumi na saba."

Mkono wa Bi Spana ukaenda bila yeye kutazama, kama ulivyokwenda miaka yote. Ukafika mezani, ukasimama. Vidole vilitafuta mpira, hakuna mpira. Vikatafuta chunjua, ukurutu, nyuzi, chochote. Vyote vilikuwa baridi, laini, sawa sawa. Akashika mojawapo, akaitoa. Fundi akaijaribu kwenye nati, ikacheza, akairudisha. "Kumi na saba," akarudia, bado mpole. Bi Spana akatazama meza. Namba hazikusomeka bila miwani. Miwani iko wapi? Kifuani, kwenye kamba. Akaivaa, akaanza kugeuza spana moja moja na kusoma, na kiganja cha mumewe bado kimenyooka hewani, kinangoja, kiganja ambacho hakikuwahi kungoja.

Akaipata. Akaiweka. Fundi akaifumbata, kidole gumba kikapita juu yake, mara moja, mara mbili, hakikukuta kitu. Akageuka, akamtazama mkewe kwa macho yale ya asubuhi, ya kumtazama mgeni.

"Asante mama," akasema. "Umejitahidi. Lakini hii kazi haitaki kutafuta. Mke wangu huwa hatafuti."

Bi Spana aliinuka, akaenda jikoni, na safari hii hakukumbuka kufungua bomba. Binti akamfuata, akamkuta amekaa sakafuni. Ilibidi amweleze yote, mpira, chunjua, kidole gumba, Kipusa, kila asubuhi, maana hakuwahi kumwambia mtu. Ilikuwa yake, hakutaka kugawana.

Binti akajishika kichwa. "Mama, kwa nini hukuniambia? Ningejua..."

"Hukujua, mwanangu. Mimi nilijua. Vidole vyangu vilijua, na ndivyo vilivyokwangua."

Bi Spana alikwenda gerejini kwa Bonge. Bonge alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena. Akamjazia kopo la grisi, akamchotea oili chafu kutoka chini ya injini, akamkatia kipande cha tyubu kwa mkono wake mwenyewe. "Chukua, shemeji. Chukua hata ndoo nzima. Lakini sikudanganyi. Hii ni ya jana, na ile ilikuwa ya maisha yenu." Bi Spana akachukua hivyo hivyo. Anayezama hachagui cha kushika. Akapaka, akafinyanga chunjua mpya ya kumi na tatu, akazungushia kumi na saba mpira, akaviacha juani. Asubuhi Fundi alishika moja tu, akatafuta tambara, akajifuta kidole kimoja kimoja. "Nani kachafua vifaa vya watu?" akauliza kwa huruma. "Mwenyewe akija atasikitika sana."

Maji yakimwagika hayazoleki, waliosema hivyo walisema. Lakini yule mama alijaribu kuyazoa. Alifuta grisi yote, akaanza upya. Mumewe akilala mchana, yeye anakaa kibarazani amefumba macho, anashika spana moja, anapima uzito, urefu, upana wa mdomo, anasema namba, anafumbua kuhakiki. Akikosea anarudia. Mshonaji alimwona akasema moyoni kwamba na huyu naye keshaanza. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia. Mpaka ikafika asubuhi moja Fundi akanyoosha kiganja, "kumi na saba," na spana ikawa kiganjani kabla hajafunga mdomo. Bila kutazama. Bila miwani.

Fundi akaifumbata. Akageuka.

"Unaijua kazi, mama," Fundi akasema, na kweli alipendezwa. "Nani kakufundisha?"

"Mume wangu."

"Ni fundi mzuri?"

"Hana mfano."

"Mshukuru Mungu. Mafundi wazuri tumebaki wachache." Akafungua nati, akaifunga. Akafikiri kidogo. "Sasa usinifikirie vibaya, mama. Wewe ni mtu mwema, umenisaidia. Lakini nenda kwako. Mwenzio atakutafuta. Na mimi mke wangu yuko njiani, ndiyo saa yake hii. Akikukuta umekaa hapa, nitamwambia nini? Ana wivu yule, wewe acha tu!"

Bi Spana akacheka. Hakutaka kucheka, lakini alikuwa na wivu kweli, gereji nzima ilijua. Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, na Fundi akajifanya hayaoni, kwa heshima.

"Sawa," akasema. "Naenda."

Akaondoka kibarazani, akapita ubavuni mwa nyumba yake mwenyewe, akasimama nyuma ya ukuta wa jikoni. Hakuwa na pa kwenda, angeenda wapi? Alisikia nati ikifunguliwa na kufungwa, kisha kimya, kisha mzee akikohoa peke yake. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akazunguka, akaja tena kutokea mbele.

"Hodi."

"Karibu, karibu mama." Fundi aliinua uso, akatazama nyuma ya mgeni, barabarani. "Samahani, huko ulikotoka hukukutana na mke wangu?"

"Nimekutana naye," Bi Spana akasema. "Amesema anakuja."

Uso wa Fundi ukafunguka wote. Akajisogeza kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kiganja.

"Basi kaa hapa, tumsubiri."

Akakaa, wakamsubiri.